Uzi: Teknolojia kwenye shule ya Kikristo iingie kwa mlango wa kipindi, si kwa mlango wa maabara ya kompyuta

Mtoa mada

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye nafasi akae tuzungumze.

Mimi ni mwalimu wa Hesabu, na nimekabidhiwa pia taaluma ya shule. Kila bodi inapokaa na ajenda ikawa teknolojia, swali linaloletwa kwangu ni lile lile: tununue nini? Naona swali hilo linaanzia mwisho, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Shule zetu nyingi za Kikristo zimeligawa jambo hili mafungu mawili. Fungu la kwanza linakaa maabara ya kompyuta. Watoto wanapelekwa mara moja kwa wiki, wanajifunza kufungua programu ya kuandikia, kengele inalia, mlango unafungwa kwa kufuli. Fungu la pili linakaa kwenye ibada. Anaalikwa mhubiri kuzungumzia madhara ya simu, vijana wanainamisha vichwa, wanaombewa, wanarudi madarasani. Katikati ya mafungu hayo kuna siku nzima ya vipindi, Hesabu, Sayansi, Historia, Lugha, na huko teknolojia haipo wala mafundisho ya kuitumia kwa uadilifu hayapo. Kisha kijana anamaliza shule, anakabidhiwa simu janja, na sisi tunashangaa anayoyafanya nayo.

Msimamo wangu ni huu: kifaa kiingie darasani pale tu ambapo somo la siku hiyo linakihitaji, na maadili ya kukitumia yafundishwe hapo hapo, na mwalimu yule yule, ndani ya kipindi kile kile. Mtoto hajifunzi kumheshimu mwenzake mtandaoni kwa kuhubiriwa habari hiyo. Anajifunza pale kamera inapokuwa tayari na kazi ya mwenzake iko mbele yake.

Chukueni kipindi cha milinganyo. Naandika ubaoni 3(x − 4) = 2x + 5, kila mtu anafanya kwenye daftari lake, kwa kalamu. Nikipita kwenye madawati naona wengi wameandika 3x − 4 = 2x + 5. Yaani 3 wameizidisha kwa x, kwenye 4 wakapitiliza, na jibu lao linakuja 9. Namwinamia mmoja na kumuuliza kwa sauti ya chini kama ataniruhusu nipige picha ukurasa wake. Akikubali nafunika jina, napiga, picha inatokea ukutani kwa projekta. Darasa linaona mwandiko wa mwanafunzi mwenzao na linaanza kutafuta. Mmoja anasema tuiweke 9 pale penye x tuone. Upande wa kushoto unakuja 15, wa kulia 23. Zogo linaanza. Mwingine anarudi kwenye mabano, anagundua 4 haikuguswa, wanafanya upya wanapata 17, wanaiweka, na pande zote mbili zinasoma 39. Baada ya hapo naifuta ile picha mbele yao, wote wakiona.

Hesabu wameipata. Lakini wamepata na mengine: kwamba picha huombwa ruhusa, kwamba kosa la mtu si la kumwaibishia, kwamba kitu cha mtu hakikai kwenye simu yako pasipo sababu. Sijataja mstari hata mmoja wa Biblia. Siku mchungaji atakapofundisha habari ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, watoto hawa watakuwa na jambo walilolitenda wenyewe la kulishikia.

Wapo wanaoamini vifaa vikijaa elimu itafuata yenyewe. Peru ilijaribu. Iligawa kompyuta mpakato mamia ya maelfu kwa wanafunzi, na mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakatoa matokeo kutoka shule 319 za msingi za vijijini. Kompyuta ziliongezeka sana, lakini alama za hisabati na lugha hazikuonyesha nafuu. Miaka mitatu baadaye, 2015, OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, nayo ilitoa ripoti kwamba nchi zilizotumia fedha nyingi kwenye kompyuta za shule hazikuonyesha maendeleo ya maana katika kusoma, hisabati wala sayansi kwenye PISA, mitihani yake ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15. Kwangu mimi maelezo ni mepesi. Kama mwalimu anafundisha vile vile alivyofundisha jana, kompyuta iliyo mbele ya mtoto haina kazi iliyopewa.

Na kwa wanaodhani vifaa vipya si jambo la shule za kanisa, wamtazame Jan Amos Komenský, yule anayejulikana zaidi kama Comenius. Alikuwa askofu wa kanisa la Umoja wa Ndugu, na mwaka 1658 alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha picha cha kufundishia watoto, Orbis Sensualium Pictus. Kila picha ilikuwa na namba zinazounganisha kitu na jina lake, Kilatini upande mmoja, Kijerumani upande wa pili. Kwa siku zile hicho kilikuwa kifaa kipya kabisa. Comenius hakuanza kwa kujiuliza mashine ya uchapaji imfanyie nini. Aliona mtoto anakaririshwa maneno ya Kilatini ya vitu asivyovijua, akaona hiyo ndiyo shida, ndipo akatafuta chombo. Bodi zetu zingeanza hapo.

Naomba kuwasilisha. Walimu, wazazi, wachungaji, mafundi, karibuni.

Mama Mapacha

Mwalimu, asante kwa kuandika kwa utulivu, lakini mimi kama mzazi nakupinga.

Niliwapeleka wanangu shule ya Kikristo kwa sababu nilitaka wawe na mahali pamoja pasipo skrini. Nyumbani napigana nayo. Kwa marafiki iko. Hata kanisani siku hizi mtu anafungua Biblia kwenye simu na baada ya dakika mbili unamwona anasoma ujumbe. Nikisikia na shule inataka kuiingiza kwenye kila kipindi, nabaki najiuliza mtoto atapumzika wapi.

Na wenzetu waliotangulia wanarudi nyuma. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu za wanafunzi shuleni mpaka umri wa karibu miaka 15. Uswidi mwaka 2023 serikali ilitenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi na ikaacha mpango wa kulazimisha vifaa vya kidijitali kwa watoto wa awali. Hao walikuwa na kila kitu. Kwa nini sisi tukimbilie kule wanakotoka wao?

Jambo jingine. Katika PISA ya 2022, wastani wa nchi za OECD, asilimia 65 ya wanafunzi walisema wanapoteza umakini kwa sababu ya vifaa vyao wenyewe angalau kwenye baadhi ya vipindi vya hisabati. Asilimia 59 walisema wanapotezewa umakini na kifaa cha mwenzao. Hii ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto wangu akiwa mtiifu kabisa, wa dawati la jirani anamharibia.

Mtoa mada

Mama Mapacha, karibu sana, na mengi uliyosema nayakubali bila kuvuta.

Tofautisha mambo mawili. Sheria ya Ufaransa inahusu simu ya mwanafunzi, ile iliyo mfukoni mwake na inayomwita muda wote. Hiyo hata mimi sitaki kuiona darasani, na shule yoyote inayoniuliza naiambia izuie. Kifaa ninachokisema ni cha shule, kinatoka kabatini kwa ajili ya kazi inayojulikana na kinarudi kabatini kazi ikiisha. Kwenye mfano wangu wa mlinganyo, katika chumba kizima kulikuwa na skrini moja na ilikuwa ukutani. Jirani wa mwanao hana cha kumwonyesha.

Na PISA hiyo hiyo ina upande wa pili. Baada ya kuzingatia hali ya kipato cha familia na shule, wanafunzi waliotumia vifaa kujifunzia shuleni hadi saa moja kwa siku walikuwa na wastani wa alama 14 zaidi kwenye hisabati kuliko ambao hawakutumia kabisa. Haimaanishi saa hiyo moja ndiyo iliyoleta alama. Inanitosha tu kuonyesha kwamba kidogo chenye kazi na kingi cha kujifurahisha si kitu kimoja.

Kuhusu mahali pa kupumzika, nakuunga mkono kabisa. Nadhani ibada ya asubuhi, chumba cha kulia na uwanja viwe bila kifaa chochote, kwa walimu pia. Hasa kwa walimu.

Mwl wa Awali

Naongea kwa ajili ya wadogo tu, kwa kifupi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Kwa hiyo kwa darasa langu kifaa ni cha mwalimu. Narekodi sauti ya mtoto akisoma mwanzo wa muhula, narekodi tena mwishoni, mama yake anasikilizishwa zote mbili tunapokutana. Mtoto mwenyewe hagusi chochote. Anagusa udongo, kalamu za rangi na herufi za mbao.

Walionisukuma kuweka vishikwambi kwa watoto wa miaka 4 walikuwa wazazi, wala hawakuwa wauzaji. Tuelimishane.

Fizikia Daima

Mtoa mada nakazia. Tuje kwenye sayansi, ambako naona hoja yako ina nguvu zaidi kuliko hata Hesabu.

Kuna majaribio mengi ya bure ya kwenye kompyuta yanayoitwa PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mengi yanapakuliwa yakafanya kazi bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. La saketi ndilo nilipendalo. Mwanafunzi anachora waya, betri na balbu, akifunga swichi anaona elektroni zinatembea.

Lakini nina utaratibu nisioulegeza: betri halisi kwanza. Mtoto ashike waya, afunge balbu iwake, ya pili ikatae kuwaka, atafute kwa nini. Mara nyingi ni waya haujagusa vizuri. Kwenye kompyuta waya haulegei kamwe, na mtoto aliyefundishwa kwa kompyuta pekee atadhani ulimwengu nao uko hivyo. Akishahangaika na kitu chenyewe ndipo namfungulia PhET aone kile ambacho macho hayakuweza kukiona, yaani mwendo ndani ya waya. Ukigeuza mpangilio huo umeua somo. Nimeona walimu wazuri wakifanya hivyo kwa sababu kompyuta ni safi na haina kazi ya kupanga meza.

Na mashine moja kwa watoto watatu inatosha. Mmoja anashika kipanya, wa pili lazima atabiri kitakachotokea kabla swichi haijafungwa, wa tatu anaandika utabiri na matokeo. Wanabadilishana. Niliwahi kuwa na mashine ya kila mtoto na darasa likawa kimya, kila mmoja na lake. Watatu watatu wanabishana, na mabishano ndiyo ninayoyatafuta. Bodi zinazosubiri mpaka kila mtoto awe na yake zinasubiri kitu kisicho bora.

Mtoa mada

Fizikia Daima, hilo la kutabiri kwanza nimelichukua. Na lina maadili yake: kijana anaandika alichodhani, kinatokea kingine, na utabiri wake uko pale kwa wino hawezi kuukana. Kukubali ukweli uliokukatalia ni jambo ambalo shule ya Kikristo inapaswa kulifundisha kila siku.

Fundi Seva

Mimi niko upande wa mitambo, nimehudumia shule kadhaa za makanisa. Nitasema ninayoyaona.

Kwanza, intaneti si lazima. Kuna programu inaitwa Kolibri, ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Unapakia masomo, video na mazoezi mara moja kwenye kompyuta ndogo, hata Raspberry Pi, ile ya bei nafuu inayoenea kiganjani, inatosha, na vifaa vya darasani vinaunganishwa nayo kwa wifi ya ndani isiyotoka nje. Ina Kiswahili. Kiwix, programu nyingine ya bure, nayo inakupa Wikipedia nzima ya Kiswahili bila mtandao. Kwa shule yenye hofu ya watoto kuangukia yasiyofaa, hii ni njia ya heshima zaidi kuliko kuchuja, kwa sababu unachagua kilichomo badala ya kukimbizana na vya nje visivyoisha.

Pili, vichujio, yaani programu za kuzuia tovuti zisizofaa. Viwekeni, vina kazi yake kwa ajali na kwa wadogo. Ila kijana wa miaka 16 akiamua, atavipita, na akirudi nyumbani havipo. Shule inayotegemea kichujio kama mlezi imemlea mtoto kwa saa za shule tu.

Tatu, na hapa nawaomba wakuu wa shule msome mara mbili: taarifa za watoto. Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, mwaka 2022 ilichunguza bidhaa za kujifunzia mtandaoni zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali za nchi 49 wakati wa janga la UVIKO, na karibu 9 kati ya 10 zilikuwa na namna ya kushughulikia taarifa ambayo ilivunja au ilihatarisha haki za watoto. Nakutana na shule zinazoandikisha darasa zima kwenye programu ya bure kwa majina kamili, tarehe za kuzaliwa na picha, kwa sababu fomu iliuliza. Kama programu haihitaji jina, weka namba. Kama haihitaji picha, usiweke. Na orodha ya nywila isibandikwe ukutani ofisini, tafadhalini.

Nne, betri. Mradi mzuri unakufa kwa kukosa mtu mmoja wa kuchaji na kuhesabu vifaa jioni. Huyo mtu ajulikane kwa jina kabla vifaa havijafika.

Mama Mapacha

Fundi, umenigusa kwenye taarifa za watoto. Na mimi niulize: zile picha za watoto wetu ambazo shule inaweka kwenye ukurasa wake kila baada ya tamasha la kwaya, nani alituuliza?

Mtoa mada

Swali lako ni la haki kabisa, mama. Shule inayomfundisha mtoto kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha na yenyewe haiombi, imeshajibu kwa matendo. Fomu ya ruhusa iwepo, na mzazi aweze kukataa bila mtoto wake kutengwa kwenye kwaya. Mpiga picha apange mistari vizuri, wasiotakiwa kuonekana wasimame upande ambao kamera haifiki, basi.

Mchungaji wa Shule

Shalom wapendwa. Nimefuatilia tangu mwanzo. Mmeacha kitu kinachonikosesha usingizi kuliko simu, nacho ni akili mnemba (AI).

Niliwapa vijana wangu wa somo la dini kazi ya kuandika sala, kila mtu yake, juu ya jambo linalomsumbua. Zilirudi sala zilizopangika vizuri, zenye maneno mazito, na nyingine hazikuwa na hata jambo moja la maisha ya aliyeileta. Nilipowauliza kwa upole walikiri. Mmoja akaniambia, "Mchungaji, niliona yangu haina maneno mazuri." Nililia moyoni. Zaburi zimejaa watu wanaomwambia Mungu mambo kwa maneno yao yaliyovunjika, na kijana wangu amejifunza mahali fulani kwamba lazima sala iwe nzuri ndipo isikike. Hilo lilikuwepo kabla ya mashine. Mashine imelifichua tu.

Nikafanya hivi. Sala, ushuhuda, na tafakari ya Neno vinaandikwa darasani kwa mkono, mimi nikiwepo, na havipewi alama. Nilipoondoa alama, sababu ya kudanganya ikaondoka. Kazi nyingine za somo, kama kutafuta historia ya safari za Paulo, wanaweza kutumia akili mnemba, ila mwishoni waandike walichoiuliza na walichokibadilisha. Asiyetaja amedanganya, na tunazungumza naye kama mtu aliyedanganya, wala hatumwiti mhalifu wa teknolojia.

Na kuna zoezi moja ambalo nawasihi walimu wa dini wote walifanye. Niliwauliza vijana: "Mungu humsaidia anayejisaidia" iko kitabu gani? Mikono ikapanda. Mithali! Yakobo! Nikawaambia watafute kwenye Biblia ya kwenye kishikwambi. Wakaandika maneno yote, hakuna. Wakaandika neno moja moja, hakuna. Wakabadilisha tafsiri, hakuna. Haimo. Kisha tukauliza programu za akili mnemba maswali kadhaa ya Biblia na kila mstari uliotajwa tukaufungua kwenye kitabu cha karatasi. Mwingi ulikuwa sahihi. Mmoja ulikuwa sura sahihi, maneno siyo. Nikawaeleza kwa nini: mashine hizi zimefunzwa kukisia neno gani linafuata lingine, na zikikosea zinakosea kwa sauti ile ile ya uhakika. Tukamalizia na watu wa Beroya katika Matendo 17:11, waliokuwa wakiyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Na aliyekuwa akiwahubiria ni Paulo mwenyewe! Kama Paulo alichunguzwa na akasifu, programu ya simu haina sababu ya kuaminiwa bila kuchunguzwa.

Hati ya Vatikani juu ya akili mnemba, Antiqua et Nova, iliyotolewa Januari 2025, inasema uwepo wa mwalimu mbele ya wanafunzi wake hujenga uhusiano ambao mashine haiwezi kuuiga. Sisi si Wakatoliki, lakini hapo naitikia amina.

Mtoa mada

Mchungaji, umeandika uzi ndani ya uzi. Ubarikiwe.

Nisahihishe neno moja tu, uniwie radhi: "na akasifu". Anayewasifu Waberoya pale ni mwandishi wa Matendo, Luka. Nawe umetufundisha kufungua kitabu, nikafungua.

Hilo la kuondoa alama walimu wenzangu wasilipite haraka. Tunatumia nguvu nyingi kuwakamata wanaotumia akili mnemba, na programu za kuwatambua zinakosea, zinamtuhumu aliyeandika mwenyewe. Mtoto asiye na hatia akiitwa mwongo mbele ya wenzake, kwenye shule inayojiita ya Kikristo, jeraha hilo halifutiki kwa samahani. Ni afadhali kubadilisha kazi yenyewe.

Mchungaji wa Shule

Umenishika, ni Luka. Nimeipokea kwa furaha.

Nuru ya Vidole

Nafundisha wanafunzi wasioona. Nimesoma michango yote na nimeona hakuna aliyetugusa, kwa hiyo nagusa mwenyewe.

Mnapojadili kama kifaa kinahitajika, kumbukeni kwamba kwa mwanafunzi wangu kifaa ndicho kitabu. NVDA ni programu ya bure ya kusoma skrini, ilianza mwaka 2006 Australia na waanzilishi wake wawili wenyewe hawaoni. Ndani yake kuna sauti inayosoma Kiswahili. Si sauti tamu, ni ya kimashine, lakini mwanafunzi akiizoea anaisikiliza kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata. Kabla ya hapo kijana huyu alisubiri mwenzake apate muda wa kumsomea. Sasa anasoma sura ya Historia saa anayotaka, anarudia aya anayotaka, na zaidi ya yote anafungua Injili peke yake asubuhi bila kumwomba mtu. Mjue maana ya hilo kwa mtu ambaye tangu utoto Neno la Mungu limemfikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Louis Braille alikuwa na miaka 15 tu alipokamilisha mfumo wake wa maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole mwaka 1824, na baadaye alipiga kinanda makanisani Paris. Kwa hiyo msiniambie nichague kati ya nukta na sauti. Sauti haimfundishi mtoto tahajia. Namfundisha vyote viwili.

Ombi langu kwa walimu wa kawaida: mnapotuma notsi msizitume kama picha ya daftari. Programu ya kusoma skrini inaikuta picha na inanyamaza. Andikeni maandishi. Na mtoa mada, ile picha yako ya ukutani ni nzuri, ila mtu aisome kwa sauti mstari kwa mstari kabla mabishano hayajaanza, ili asiyeona awe ndani ya mabishano.

Mtoa mada

Nuru ya Vidole, hilo nalifanyia kazi kuanzia kipindi kijacho. Anayesoma kwa sauti atakuwa mwanafunzi, na kusoma mlinganyo kwa usahihi, "tatu mara mabano x toa nne funga mabano", tayari kunaonyesha 3 inatakiwa kugusa nini. Nahisi kosa lile litapungua kwa hilo pekee.

Mkuu Mpya

Nimeteuliwa kuongoza shule ndogo ya kanisa. Tuna projekta moja, kompyuta chache za zamani, na walimu ambao baadhi wanaogopa hata kuwasha. Wafadhili wanataka kutuletea vishikwambi. Nianzie wapi?

Fundi Seva

Waulize wafadhili kama wataleta na chaja, kabati la kufungia na spea. Wakinyamaza, omba vichache zaidi na hivyo viwepo.

Mtoa mada

Mkuu Mpya, hongera kwa jukumu. Ningekuwa wewe, ningewaomba wafadhili wasubiri muhula mmoja.

Chukua walimu wawili, mmoja anayependa vifaa na mmoja anayeviogopa. Huyo wa pili ni muhimu kuliko wa kwanza, kwa sababu akiona faida, wenzake watamwamini. Kila mmoja akuletee mada moja ambayo wanafunzi wanaanguka kila mwaka. Kwa mimi ingekuwa mabano. Kwa wa sayansi labda saketi. Waulize wanadhani watoto wanakwama wapi hasa, kisha mtafute pamoja kama hivyo mlivyonavyo, projekta moja na kompyuta za zamani, vinaweza kusaidia hapo. Wakati mwingine jibu litakuwa hapana, na mwalimu aachwe afundishe kwa chaki bila kuonekana amerudi nyuma.

Wape mwezi wa kujaribu, mtihani wa mada uwe na maswali yale yale ya mwaka jana, mlinganishe. Kaeni na mchungaji wenu mezani, si kwa ajili ya kuombea kikao tu, bali naye aseme kila mada inafungua mlango gani wa maadili: ruhusa, ukweli, kutaja chanzo, kumsubiri mwenzako ashike kipanya. Iandikwe kwenye andalio la somo, mstari mmoja, chini ya malengo.

Kwa mwalimu anayeogopa kuwasha, usimpeleke semina. Mkae naye wawili jioni, yeye ndiye ashike kipanya, wewe usiguse. Mwanafunzi mkubwa anayejua pia anaweza kumsaidia, ila muulize mwalimu kwanza kama atalipenda hilo, maana wengine wataona wameshushwa.

Mwisho wa muhula utawaandikia wafadhili barua yenye mahitaji ya kweli. Pengine itasema vishikwambi. Pengine itasema kamera moja, spika na betri 20 za kufanyia majaribio.

Mkuu Mpya

Nimekusoma, mwalimu. Anayeogopa ninaye, anafundisha Jiografia na watoto wanampenda mno. Nitamfuata kesho baada ya vipindi nimuulize ni mada ipi inayomsumbua.